Nyati, Nyota na Panzi

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamua kuandika kwa sababu mimi na mume wangu tumebishana wiki nzima, na kila kukicha kila mmoja anakumbuka maneno yake tu. Kuanzia leo maneno yatakuwa kwenye karatasi. Naye akitaka kuandika ya kwake, duka la madaftari halijafungwa.

Jambo lenyewe ni hili. Tumepata kazi ya milango yote ya hosteli mpya ya wauguzi, jengo la ghorofa tatu ambalo bado halijaunganishwa umeme. Jenereta ya mjenzi inakohoa kuliko inavyofanya kazi. Hata hapa karakanani kwetu, mvua zikishaanza, umeme unakatika kila wingu likipiga chafya. Kwa hiyo ni lazima tuhamie kwenye vifaa vya betri: drili, mashine ya skrubu, msumeno. Tatizo ni kwamba betri ya kampuni hii haiingii kwenye kifaa cha kampuni ile. Ukishanunua drili ya mmoja umeolewa huko, na msumeno utautafuta huko huko, na chaja, na kila kitu mpaka uzeeke. Kwa karakana ndogo kama yetu, ukikosea kuchagua umekosea kwa miaka mingi.

Muuza vifaa wa karibu na soko ametuazima seti tatu tuzijaribu mpaka mvua ziishe. Si kwa wema wake. Amesema, "Nyinyi wawili mkisema hii ndiyo, mafundi wote wa hapa watafuata." Tutabaki na tutakayoichagua, mbili zirudi dukani.

Ya kwanza ina kichwa cha nyati kwenye boksi. Ni nzito, unaisikia begani. Ya pili ina nyota, nayo ni ya wastani kwa kila kitu. Ya tatu ni nyepesi na ina picha ya mdudu ambaye muuzaji anaapa ni nyuki. Mume wangu aliligeuza boksi huku na huku akasema huyo ni panzi, na jina limeganda.

Mume wangu watu wanamwita Bawaba, na jina hilo lilimpata kabla sijampata mimi. Hakuna mtu anayetundika mlango kama yeye. Mlango wake unausukuma kwa kidole na unafunga bila kelele. Mgawanyo wetu wa kazi ni wa siku zote: mimi napima, nakata na kupiga randa, yeye anatundika. Mimi wananiita Mama Futi kwa sababu ya futi inayoning'inia kiunoni. Tangu tuoane sijatundika mlango hata mmoja, na yeye hajawahi kukata ubao bila mimi kufumba macho.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nguo hazijakauka.

Alhamisi, 7 Machi

Leo tumepima kweli. Ubao mmoja mgumu, skrubu za aina moja, betri iliyojaa, unafunga skrubu mpaka mashine yenyewe ikatae. Bawaba alinipa mimi Panzi, akasema inawafaa akina mama. Nilimwambia akirudia neno hilo atalala na Panzi.

Panzi ilikata pumzi mapema, kama tulivyotegemea. Nyota nikaichukua pia mimi, ikaenda vizuri mpaka mchana. Nyati aliishika mwenyewe, kwa sababu ndiyo aliyoipenda tangu dukani. Chai haijachemka akaiweka chini, akasema imekwisha.

"Imekwisha nini?"

"Betri. Haina nguvu tena."

"Nyati?"

"Jitu zima, pumzi ya kuku," akasema, akaondoka kwenda kunawa mikono.

Tulishangaa wote wawili, au nilidhani tunashangaa wote wawili.

Ijumaa, 8 Machi

Betri ya Nyati ina kitufe ukikibonyeza taa ndogo zinakuonyesha kilichobaki. Leo asubuhi, kabla ya kuiweka kwenye chaja, nimekibonyeza. Taa zote nne zikawaka. Yaani betri imekufa jana na leo inasema imeshiba. Taa za uongo. Nimeipunguzia Nyati alama kwa hilo pia, maana kifaa dhaifu nakivumilia lakini kifaa kinachonidanganya hapana.

Jumatatu, 11 Machi

Milango ya ghorofa ya chini. Leo Nyati niliishika mimi, betri ile ile, nikatoboa nayo matundu ya vitasa tangu asubuhi mpaka tulipofunga kazi. Haikutetereka. Nilipomwambia Bawaba alisema niliichaji vizuri zaidi. Nikamwambia chaja ni moja na ukuta ni mmoja. Akasema basi ni unyevu. Nikamwambia yeye anakandamiza kana kwamba anaua nyoka, ndiyo maana betri inaisha. Akanuna. Tumekula bila kuongea, na chumvi aliiomba kwa ishara.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeirudisha betri ya Nyati kwa muuza vifaa na maneno ya kutosha. Akaipima mbele yangu. "Dada, hii iko sawa kabisa," akasema. Nikamwambia aipime tena. Akaipima tena. Amenipa nyingine ili niondoke tu dukani, wateja walikuwa wameanza kusikiliza.

Jumamosi, 16 Machi

Betri mpya ya Nyati mikononi mwa Bawaba: haikumaliza milango miwili. Basi. Nyati imeanguka mtihani. Nimeandika hivyo na yeye amekubali haraka mno, bila ubishi, mtu ambaye hubishana na mimi hata kuhusu saa.

Jumanne, 19 Machi

Bawaba ameiangusha Nyota kutoka juu ya ngazi. Ilipiga sakafu ya zege, ikaruka, ikalala ubavu.  Nilipotaka kufoka akawahi yeye.

"Nimeiangusha makusudi. Si tunapima uimara?"

Tukacheka hadi mpaka-rangi wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Nyota ilikuwa nzima, mkwaruzo tu mgongoni. Nimeipa alama ya uimara.

Ijumaa, 22 Machi

Nyota imeanguka tena. Bado nzima. Bawaba anasema anataka kuwa na uhakika.

Jumatano, 27 Machi

Safari hii nusura iangukie mguu wangu. Sikucheka. Nilimwambia kipimo cha uimara kimekwisha, tumeridhika, aache. Aliiokota kwa mkono wa kushoto na kusema samahani, mama, kwa sauti ndogo ambayo si yake.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua ya kutisha. Barabara ya kwenda hosteli imekuwa tope tupu. Tumebaki karakanani.

Alhamisi, 4 Aprili

Mjenzi aliniita pembeni leo, ghorofa ya kwanza, akanionyesha mlango. Kwenye bawaba ya juu, skrubu mbili zimeingia upande na vichwa vyake vimetafunika, hutazitoa wala kuziingiza. Mlango unakwaruza sakafu.

"Huyu ni mume wako kweli aliyefanya hivi?" mjenzi akauliza. Hakuuliza kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikasema ni mimi, nilikuwa naijaribu mashine mpya. Akaniangalia, akakubali. Alipoondoka niliziondoa skrubu zile kwa jasho, nikaziba matundu na vijiti na gundi, kesho Bawaba atafunga upya. Nina hasira. Kama amechoka na kazi aseme. Kama amechoka na mimi aseme pia. Mtu aliyekuwa akinitoa nje ya chumba ili asikilize mlango unavyofunga, leo anauacha unakwaruza na kwenda zake.

Jioni nilimwambia amekuwa mvivu. Hakujibu. Angejibu ningejisikia nafuu.

Jumapili, 7 Aprili

Tumetembelewa na wifi yangu, dada yake Bawaba, anayeshona nguo. Bawaba alikuwa amevaa fulana. Wifi akauliza shati lake la kola alilomshonea liko wapi, kila Jumapili alikuwa akilivaa. Akasema limechafuka. Halijachafuka, liko kwenye kamba chumbani, nimelipiga pasi mimi. Nikakumbuka kwamba hajavaa shati la vifungo tangu mwezi uliopita.

Wakati nampakulia wifi, alinishika mkono jikoni.

"Wifi, umeuona mkono wa kaka?"

"Una nini?"

"Hapa." Akanigusa kati ya kidole gumba na cha shahada. "Nyama imekwenda wapi?"

Nikamwambia kazi ni nyingi, amekonda kidogo. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimeuangalia mkono. Wifi hajatia chumvi.

Alhamisi, 11 Aprili

Sijui nianzie wapi, basi nianzie mwanzo wa siku.

Mvua ilikatika saa nne asubuhi na tukafika hosteli mapema kuliko watu wote. Bawaba alipanda ghorofa ya pili kuendelea na vyumba vya mwisho wa ukumbi. Mimi nilibaki chini nikipiga randa mlango mmoja uliovimba kwa unyevu. Nilipomaliza nilikumbuka kuwa futi yangu ndogo iko kwenye mfuko wake, nikapanda kuifuata. Nilikuwa nimevua viatu kwa sababu ya tope, kwa hiyo hakunisikia.

Alikuwa amesimama mbele ya fremu, mlango ameusimamisha kwenye kabari, Nyota mkononi. Biti, ile ncha yake, iko kwenye kichwa cha skrubu, tayari. Mashine haikuwa inalia. Nilifikiri anatafakari. Kisha nikaona bega lake linatetemeka. Alikuwa anabonyeza kwa nguvu zake zote na kitufe cha kuwashia hakiingii. Akauchukua mkono wa kushoto, akauweka juu ya wa kulia, na kwa vidole vya mkono mzuri akavisukuma vidole vya mkono mwingine, kimoja kimoja, mpaka mashine ikawaka. Ikazunguka kidogo, ikaruka kutoka kwenye skrubu, ikachora mstari kwenye mlango. Akaisimamisha. Akapumua. Akajaribu tena.

Mara ya tatu aliiweka chini, akachomoa betri akachomeka nyingine. Halafu akarudi pale pale, na ikawa vile vile. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akauangalia mkono wake wa kulia kama mtu anayemwangalia mgeni aliyeingia bila hodi.

Sikuingia. Nilirudi nyuma mpaka kwenye ngazi, nikaita jina lake kutoka mbali kwa sauti kubwa, nikapanda nikikanyaga kwa kishindo. Nilipofika alikuwa amesimama.

"Betri ya Nyota nayo imeanza uongo," akasema.

"Nipe nikaichaji kwenye jenereta," nikasema.

Niliteremka nayo. Chini nilikibonyeza kitufe chake cha taa, maana nayo inacho kama Nyati, ingawa nilishajua. Zote ziliwaka.

Nilikaa juu ya rundo la milango na nikayapitia yote tangu mwezi wa tatu. Nyati, iliyo nzito, imeshindwa kwanza mikononi mwake, na mikononi mwangu haikushindwa hata siku moja. Nyota, ya wastani, imeshindwa baadaye, na ndiyo iliyoanguka na kuanguka. Panzi peke yake hajailalamikia. Tumeazima vifaa vya watu, nimerudisha betri nzima dukani kwa matusi, nimeandika alama za uimara na alama za pumzi, na muda wote huo tulichokuwa tunakipima ni mkono wa mume wangu. Na yeye alijua. Sijui alijua tangu lini, lakini alijua, akaniacha nizilaumu betri kwa sababu kuzilaumu betri kulikuwa rahisi kwetu sote.

Nimekatika maini. Niliwasha msumeno bila kuwa na cha kukata, ili nilie pasipo mtu wa juu kusikia.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimemwambia. Tulikuwa tunakunywa chai karakanani, maji yakidondoka kwenye ndoo.

"Jana nilikuona."

Alizungusha kikombe. Anakishika kwa kushoto sasa, na mimi, Mama Futi, mwenye jicho la kipimo, sikuwa nimeliona hilo.

"Nilidhani nimelalia mkono," akasema. "Kisha nikadhani ni baridi. Kisha nikaona wewe unaikasirikia Nyati, nikasema acha iwe Nyati."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ingekuwa kweli."

Ilinibidi nitoke nje nikasimame kwenye mvua kidogo. Aliponifuata alikuja na kanga yangu, akanifunika kichwa, akashindwa kuifunga. Nikaifunga mwenyewe.

Alhamisi, 18 Aprili

Hospitali. Vipimo vya damu, sindano kwenye misuli, kungoja.

Jumanne, 23 Aprili

Hospitali tena. Wametaka arudi na mtu wake.

Ijumaa, 26 Aprili

Daktari ni mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Aliongea taratibu na hakutuficha. Mishipa ya fahamu inayopeleka amri kwenye misuli inakufa. Haijulikani kwa nini. Hakuna dawa ya kuirudisha, zipo tu za kuuchelewesha ugonjwa kidogo.

Bawaba alisikiliza yote, kisha akauliza, "Yaani daktari, betri ina chaji na mota nzima, ila waya ndio unaoungua?"

"Karibu hivyo, mzee. Na mota isipopata umeme muda mrefu, nayo inanyauka."

"Mkono huu peke yake?"

"Umeanza na huo. Wa kushoto utafuata. Halafu miguu. Baadaye kumeza, na kupumua."

"Baadaye lini?"

Daktari alisema kila mtu na mwendo wake, lakini tusipange mambo ya mbali sana. Bawaba akamshukuru. Akasimama, akaenda mlangoni, na kabla ya kutoka akausukuma mlango wa ofisi ile mara mbili, akainama akaiangalia bawaba ya chini. "Hii imelegea," akamwambia daktari. "Mwambieni fundi wenu."

 Tulipofika nyumbani aliniomba nimvalishe lile shati la kola. Nikamfunga vifungo vyote, nikiwa sioni vizuri kwa machozi, na chini kimoja kikazidi, ikabidi tuanze upya.

Jumatatu, 29 Aprili

Sikulala vizuri. Kazi.

Alhamisi, 2 Mei

Tumerudi hosteli na tumebadilisha utaratibu. Bawaba anafanya kazi na Panzi tu. Anaibonyeza kwa vidole viwili na inamtii. Mimi nimeubeba uzito wa mlango, yeye anafunga skrubu. Kwa kuwa betri ya Panzi ni ndogo na mbao ni ngumu, inaisha kila baada ya milango michache, basi mimi nazibeba betri zote kwenye aproni yangu, zilizojaa na zilizokwisha, natembea kama mama kuku. Akinyoosha mkono nampa.  Milango inafunga bila kelele, yote.

Sijawahi kumpenda hivi, na inaniuma kwamba imebidi augue kwanza.

Jumanne, 7 Mei

Mjenzi amesema kazi imekuwa ya mwendo wa kinyonga. Nikamwambia akitaka ya mwendo wa paka atafute paka. Hajarudi kutuuliza tena.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua zinapungua. Asubuhi mkono unamtii, mchana unasitasita. Tunaacha kazi mchana. Alasiri anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kunikosoa ninavyopiga randa, na safari hii namruhusu.

Jumatano, 15 Mei

Wifi amemletea mashati matatu. Ameyaondoa vifungo na kushona kitambaa cha kunata, lakini juu ameacha vifungo vya urembo, mtu asijue. Bawaba alilivaa moja peke yake, akatoka chumbani kifua mbele. Wifi alijitia hamnazo, akaenda jikoni kutafuta maji ya kunywa, akakaa huko muda mrefu.

Jumamosi, 18 Mei

Mlango wa mwisho wa hosteli umefungwa. Mjenzi ametembea ghorofa zote akisukuma kila mmoja, na ameridhika.

Jumatatu, 20 Mei

Leo nimekwenda dukani peke yangu kutoa jibu. Muuza vifaa aliwaita mafundi wawili waliokuwa pale wasikilize.

"Haya, Mama Futi. Ipi?"

"Panzi," nikasema.

Akacheka, akidhani natania. "Dada, hata mimi ninayeiuza sijui kama ningeinunua."

"Nimekuambia Panzi."

"Na pumzi yake?"

"Ukiwa na betri nyingi huoni tofauti."

"Na uimara?"

"Haijaanguka hata mara moja," nikasema, na hilo angalau lilikuwa kweli.

Najua ninachojua. Nyati ndiyo bora, haina mpinzani. Msumeno wake unapita kwenye mbao ngumu kama kwenye siagi, na betri yake inamaliza siku na kubakiza. Nyota nayo ni imara, Mungu anajua imepimwa. Panzi ni kifaa cha kutundikia picha ukutani. Lakini ndicho kifaa pekee duniani ambacho mume wangu anaweza kukiwasha, na mimi siwezi kuweka karakanani kwetu kitu asichoweza kukiwasha. Nimerudi na Panzi yote: drili, mashine ya skrubu, msumeno, chaja mbili. Nimevipanga kwenye rafu yake, upande wake, kimo cha mkono wake.

Aliingia, akaviona. Akauliza kama tumebaki na chai.

Jumanne, 21 Mei

Leo asubuhi mkono haukuiwasha Panzi. Alijaribu mara kadhaa akiwa amenipa mgongo, na mimi nikajifanya natafuta patasi.  Nilitafuta patasi iliyokuwa mkononi mwangu.

Alhamisi, 23 Mei

Jua. Nguo zimekauka zote.

Jumamosi, 25 Mei

Niliporudi kutoka kununua gundi, Bawaba hakuwepo na rafu ilikuwa tupu. Nilimuuliza fundi viatu wa jirani, akasema amemwona akipakia maboksi kwenye teksi, dereva akimsaidia.  Nilikaa mlangoni nikiwaza mabaya yote mtu anayoweza kuwaza.

Alirudi mchana. Dereva alishusha maboksi mengine, makubwa, yenye kichwa cha nyati.

"Nimebadilisha," Bawaba akasema.

"Umebadilisha kwa idhini ya nani?"

"Nimemwambia muuzaji mke wangu alikosea."

Tangu tuoane hajawahi kusema hivyo mbele ya watu. Hata siku niliyokosea kweli, na zipo, alisema ubao ulikuwa mbaya.

"Sikukosea."

"Najua hukukosea. Lakini ulichagua kwa ajili yangu." Alikaa juu ya boksi, kwa sababu miguu nayo imeanza kuchoka. "Mimi Panzi imeshanishinda, hata kwa mkono wa kushoto. Uliiona Jumanne, usijifanye. Na ingekuwa haijanishinda, ningeitumia kwa muda gani? Halafu mimi nikishaondoka, wewe ubaki na hicho kidude, unabeba betri kwenye aproni mpaka uzeeke?"

"Usiseme hivyo."

"Nani atasema? Tumekaa tunapima msimu mzima nini kitadumu. Hii ndiyo itakayodumu. Chukua inayodumu."

Nililia vibaya, kwa sauti, pale pale kwenye maranda, mchana kweupe, mlango wazi na watu wakipita. Nilimwambia siitaki Nyati, sitaki kifaa chochote, sitaki karakana. Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayaandika. Aliningoja. Anajua kuningoja, ni fundi wa vitu vinavyofunga taratibu.

Nilipomaliza akasema, "Mlango wa stoo tangu mwaka juzi umesimama ukutani haujatundikwa. Leta."

"Mimi situndiki milango."

"Ndiyo, najua. Leta."

Jumapili, 26 Mei

Tumeutundika leo badala ya jana, kwa sababu jana nilikataa.

Alikaa kwenye stuli na kunieleza. Wapi pa kuweka kabari. Kwa nini unaanza na bawaba ya juu na kuiacha ya chini ingoje. Kwa nini skrubu ya kwanza haikazwi mpaka mwisho, unaiachia pumzi ili mlango uamue wenyewe unataka kukaa vipi. Mambo ambayo nimeyaona akiyafanya maisha yangu yote ya ndoa na nikadhani ni mazoea tu ya mikono. Nyati ilikuwa nzito na ilifanya kila nilichotaka. Alinisahihisha skrubu ya kwanza, na ya pili. Ya tatu alifungua mdomo, akaufunga. Baada ya hapo hakusema tena. Nilikuwa namtegea sikio kila skrubu, nikingoja aseme nimekosea, na hakusema.

Nilipoondoa kabari alinyanyuka kwa shida, akaja. Akausukuma mlango kwa kiwiko. Ukaenda ukafunga bila kelele. Akaufungua, akausukuma tena, ukafunga.

"Umekaa," akasema. Alikuwa anatabasamu, na machozi yanamtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Nikamfuta kwa aproni. Nikamwambia asante. Sikumwambia kwamba muda wote mlango ulipokuwa unakwenda kufunga nilikuwa naomba ukwame.